Mwanga, Mfalme wa Buganda, na Njia ya Toba

Katika mwaka wa jubilei tumezoea kuwasifu watakatifu, na hiyo ni haki yao. Lakini safari hii tumeona vema kuwasimulia ninyi, Wakristo wa Nangara na wa parokia zote za jimbo letu la Mbulu, pamoja na waalimu wenu, habari za mtu ambaye si mtakatifu, wala hakuna kanisa lililopewa jina lake. Mtu huyo ni Mwanga, mfalme wa Buganda, aliyewaua Mashahidi. Kila mwaka tarehe 3 Juni twaadhimisha sikukuu ya Karoli Lwanga na wenzake, na jina la Mwanga twalitaja kama tulitajavyo jina la Herode. Ni wachache kati yetu wajuao yaliyompata baadaye. Na wachache zaidi wajua ya kuwa, alipokosa mahali pa kulaza kichwa, alipata hifadhi katika nchi yetu hii, mikononi mwa mapadre wale wale ambao alikuwa amewachoma wanafunzi wao kwa moto.

Jubilei ni wakati wa kurudi. Katika Sheria ya Musa, mwaka wa hamsini ulipofika, mtumwa alirudi kwao na shamba lililouzwa lilimrudia mwenyewe. Sisi nasi twaambiwa turudi kwa Mungu kwa toba. Lakini toba ni nini? Je, kila aliaye ametubu? Maisha ya Mwanga yatatusaidia kulijibu swali hili kuliko maneno mengi.

MFALME KIJANA

Mwanga alizaliwa yapata mwaka wa 1868, mwana wa Mutesa, Kabaka wa Buganda. Wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamefika kwa Mutesa mwaka wa 1877, na Mapadre Weupe wakafuata mwaka wa 1879. Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alipendwa sana, na kijana Mwanga alikuwa mmoja wa wale waliomwendea. Mwaka wa 1882 mapadre waliona hatari, wakaondoka Buganda, wakavuka ziwa mpaka upande wa kusini, na mwaka uliofuata wakaanzisha misioni Bukumbi, karibu na Mwanza.

Mwezi wa Oktoba 1884 Mutesa akafa, na Mwanga akaketi juu ya kiti cha baba yake. Alikuwa bado kijana wa miaka kumi na sita hivi. Wakristo walifurahi, maana walimdhania kuwa rafiki yao. Na kweli alituma kuwaita mapadre, nao wakarudi kwake mwezi wa Julai 1885. Lakini rafiki huyo alikuwa na moyo wa woga. Aliwaogopa Wazungu, ambao wakati huo walikuwa wakizitwaa nchi za pwani. Aliwaogopa wakuu wa baba yake. Zaidi ya yote alichukizwa kuona vijana wa baraza lake wakikataa kutimiza tamaa zake chafu, wakisema ya kuwa yuko Bwana aliye juu ya mfalme. Mwoga akipewa upanga huwa mkali kupita shujaa. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu wa misioni ya Kiingereza waliuawa kwa moto. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Askofu Hannington, aliyekuwa akija Buganda kwa njia ya mashariki, aliuawa katika nchi ya Busoga kwa amri ya mfalme.

UJUMBE WA YOSEFU MUKASA

Katika nyumba ya mfalme alikuwamo Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana, Mkatoliki, mtu aliyeaminiwa na wote. Yeye alithubutu kumwambia mfalme ya kuwa amekosa kumwua mgeni asiye na hatia. Tena aliwalinda vijana wasiharibiwe. Kwa ajili hiyo alihukumiwa kufa, na tarehe 15 Novemba 1885 akauawa, mwili wake ukateketezwa.

Kabla ya kufa aliacha ujumbe kwa mnyongaji ampelekee mfalme. Ujumbe huo tunaomba mwushike vema, kwa maana habari yetu yote imesimama juu yake. Alisema ya kuwa Mwanga amemhukumu bila haki, lakini yeye amsamehe kwa moyo wote. Ila amshauri atubu, kwani asipotubu watakutana mbele ya hukumu ya Mungu, na hapo yeye Mukasa atakuwa mshitaki wake.

Tazameni maneno haya yalivyopimwa. Msamaha umekwisha kutolewa, wala hauna sharti. Lakini msamaha huo ni kama chakula kilichoandaliwa mezani: asiyekuja kula atabaki na njaa yake. Mwenye kuja ni mwenye kutubu.

Mfalme aliposikia, alifanya nini? Husimuliwa ya kuwa aliingiwa na hofu, akaamuru mtu mwingine auawe, na majivu yake yachanganywe na majivu ya Mukasa, ili shahidi asiweze kutambulikana na kumshitaki. Tusicheke. Hivi ndivyo afanyavyo kila mtu aiogopaye adhabu asiichukie dhambi: hutafuta namna ya kuficha kosa la kwanza, na kwa kulificha huongeza la pili. Mwizi wa ng'ombe humhonga shahidi. Mwenye kuzini humsingizia mwenziwe. Hayo yote ni kuchanganya majivu.

Mwaka uliofuata mateso yakawa makali. Mwezi wa Mei 1886 walikufa Denis Ssebuggwawo, Andrea Kaggwa na Ponsiano Ngondwe. Tarehe 3 Juni Karoli Lwanga na wenzake walichomwa Namugongo. Kwa jumla twawahesabu Mashahidi Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wengine hawakuuawa ila waliumizwa. Honorati Nyonyintono alikatwa mwili kwa amri ya mfalme, akabaki hai, akiwa na alama ya mateso hayo siku zote.

BUKUMBI

Mwezi wa Septemba 1888 Mwanga alikusudia kuwaangamiza kwa hila watu wote wa dini, Wakristo kwa Waislamu. Hila ikajulikana, wote wakaungana, akaondolewa katika kiti chake. Mfalme aliyekuwa akitetemesha nchi akashuka ziwani kwa mtumbwi pamoja na watu wachache. Alifika kwanza Magu, kwa wafanya biashara Waarabu, na huko hakupata heshima bali alinyang'anywa mali yake na kuwekwa kama mfungwa. Ndipo alipokumbuka ya kuwa kando ya ziwa hilo hilo wapo mapadre.

Ninyi mkaao Nangara mwaifahamu barabara itokayo Arusha, ipitayo kwetu Babati, ikaenda Singida na kuendelea mpaka Mwanza. Bukumbi iko kusini ya mji huo wa Mwanza, kando ya maji. Huko ndiko alikokwenda Mwanga. Na fikirini ni nani waliokuwako! Alikuwako Askofu Livinhac. Alikuwako Padre Lourdel, aliyefukuzwa Buganda muda mfupi baada ya mfalme kuanguka. Huyu Mapera alikuwa amewabatiza baadhi ya vijana wale. Alikuwa amepiga magoti mbele ya Mungu kwa ajili yao wakati moto ulipowashwa. Sasa yule aliyewasha moto alisimama mlangoni, maskini, mwenye kuomba.

Mapadre wakampokea. Wakampa mahali pa kukaa na chakula, wakaanza kumfundisha sala na katekisimu, kama wamfundishavyo mtoto wa kijiji. Yaliyokuwa mioyoni mwao siku ile hatuyajui, lakini si vigumu kudhani ya kuwa kumpa mtu huyo mkono ilikuwa sadaka kubwa. Walifanya hivyo kwa sababu Mukasa alikuwa amekwisha kusamehe kwanza. Nao wangewezaje kumfungia mlango mtu ambaye shahidi mwenyewe alimfungulia?

Hata Wakristo wa Buganda walifanya vivyo hivyo. Baada ya mapinduzi mengine walikuwa wamekimbilia Nkole, na huko walishauriana ni nani awe mfalme wao. Mwisho walimchagua Mwanga. Honorati Nyonyintono, aliyebeba mwilini alama za ukatili wake, alikuwa kiongozi wa Wakristo hao, naye akafa vitani mwaka wa 1889.

MAJUTO YA NAMNA MBILI

Mwezi wa Juni 1889, alipokuwa katika vita vya kurudi, Mwanga alimwandikia barua Mackay, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa Usambiro, kusini ya ziwa. Alimsihi asikumbuke mambo yaliyopita. Alikiri ya kuwa zamani hakumjua Mungu, bali sasa aijua dini ya Yesu Kristo. Na katika barua hiyo hiyo aliomba msaada ili apate kurudishiwa ufalme wake.

Je, barua hiyo ilikuwa ya toba? Hapa inatupasa tuyakumbuke mafundisho ya Kanisa. Mtaguso Mkuu wa Trento, mwaka wa 1551, ulifundisha ya kuwa majuto ni uchungu wa roho na chukizo la dhambi iliyotendwa, pamoja na kusudi la kutotenda dhambi tena. Yako majuto kamili, yatokayo katika kumpenda Mungu: mtu huhuzunika kwa kuwa amemkosea Baba aliye mwema. Tena yako majuto yasiyo kamili, yatokayo katika kuuona ubaya wa dhambi au katika kuogopa adhabu ya Mungu. Mtaguso haukuyadharau haya ya pili. Ulisema ya kuwa nayo ni zawadi ya Mungu, yenye kumwelekeza mtu kupokea neema, mradi yafukuze nia ya kutenda dhambi.

Basi tusimcheke Mwanga kwa kuwa alimwendea Mungu alipokosa pa kwenda. Mwana mpotevu naye alianza safari kwa sababu ya njaa. Njaa yaweza kumwinua mtu na kumweka njiani; lakini ni lazima atembee mpaka afike kwa baba. Kosa ni kusimama katikati ya njia mara njaa inapokwisha.

KITI KILICHORUDISHWA

Mwezi wa Oktoba 1889 Mwanga aliingia tena katika mji wake, na baada ya kufukuzwa na kurudi, mwaka wa 1890 kiti chake kikathibitika. Aliyemrudisha ni nani? Ni ndugu na rafiki za wale aliowaua. Neno kama hili ni la nadra katika habari za wafalme.

Sasa ulikuwa wakati wa kuonyesha matunda. Mwanga alihesabiwa pamoja na Wakatoliki, akakaa kama mtu afundishwaye dini, lakini miaka ikapita bila kubatizwa. Hakutaka kuachana na wake wengi, na mwenendo wa zamani ulimrudia. Padre Lourdel alikufa mwezi wa Mei 1890 bila kumwona akibatizwa. Mwezi wa Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana vita Mengo, jambo la aibu kwetu sote. Mwanga alikimbia na Wakatoliki, kisha baada ya miezi michache akarudi upande wa washindi. Alikwenda huku na huko kadiri upepo ulivyovuma.

Waalimu huulizwa na wanafunzi wao: ikiwa ubatizo huondoa dhambi zote, kwa nini Mwanga hakubatizwa mara moja, akaisha? Jibu ni hili. Mtu mzima ajaye kwa ubatizo hapelekwi kwanza kwenye maungamo, kwa maana Sakramenti ya Kitubio ni ya waliokwisha kubatizwa. Lakini majuto hana budi kuwa nayo, na kusudi la kuacha dhambi hana budi kuwa nalo. Maji hayamsafishi mtu aliyeshika tope mkononi na kukataa kulitupa.

Mwezi wa Julai 1897 aliwaasi Waingereza waliokuwa wameitwaa nchi yake. Wapo leo wamsifuo kwa kuukataa utawala wa kigeni, na hilo si shauri letu hapa. Alishindwa, akakimbilia nchi ya Wadachi, ndiyo nchi yetu, akawekwa kifungoni Mwanza. Basi akaja kwetu mara ya pili, wala si mbali na Bukumbi. Kutoka huko akatoroka, akaungana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na mwezi wa Aprili 1899 wote wawili wakakamatwa. Mtoto wake mchanga, Daudi Chwa, alikuwa amekwisha kuwekwa mahali pake.

KISIWANI

Mwanga alipelekwa mbali katikati ya bahari, katika visiwa vya Shelisheli. Huko hapakuwa na jeshi, wala wakuu wa kupendezwa, wala chama cha kujiunga nacho. Huko ndiko alikobatizwa, mikononi mwa Waanglikana, akapewa jina la Danieli. Alikufa tarehe 8 Mei 1903, umri wake wapata miaka thelathini na mitano. Mwaka wa 1910 mifupa yake ilirudishwa Buganda, ikazikwa Kasubi, alikolala baba yake.

Alibatizwa kwa moyo gani? Mungu peke yake ajua. Lakini tunaona tofauti moja. Alipotaka dini pale Bukumbi, alikuwa na ufalme wa kuutumaini mbele yake. Alipobatizwa kisiwani, ufalme ulikuwa umepita, na wale waliobaki naye hawakuwa na kiti cha kumrudishia. Mtu akimwomba Mungu msamaha mahali ambapo hana faida yo yote ya dunia ya kupata, tuna sababu ya kumtumainia mema. Petro alimkana Bwana, akalia, akarudi. Yuda naye alijuta hata akazirudisha fedha, lakini hakurudi kwa Bwana. Twaomba Danieli Mwanga awe amefuata njia ya Petro, na ya kuwa Mukasa hakuwa mshitaki wake, bali alimlaki.

YATUPASAYO SISI

Ndugu zetu, katika siku hizi za jubilei wengi watakuja kuungama, hata wale walioacha kwa miaka mingi. Tunafurahi. Lakini tujiulize mambo matatu.

Kwanza, tunajutia dhambi, au tunajutia hasara? Aliyefumaniwa huona haya. Aliyefungwa huona uchungu. Mgonjwa huogopa kufa. Hayo yote yaweza kuwa mwanzo mwema, lakini ni mwanzo tu. Tumwombe Mungu aigeuze hofu yetu iwe upendo.

Pili, kusudi letu litasimama siku ambayo kiti chetu kitarudishwa? Mgonjwa akipona, mfungwa akiachiliwa, mwenye deni akipata mavuno, hapo ndipo majuto yake hupimwa. Hakuna aliyemlazimisha Mwanga kuivunja ahadi ya Bukumbi; ilivunjika yenyewe kwa raha.

Tatu, tumetengeneza tulichoharibu? Twaona kwetu mvua ikinyesha juu ya Mlima Kwaraa, maji hushuka kwa nguvu na kuchimba korongo katika shamba. Mvua hukatika na jua huwaka, lakini korongo halikuzibika. Mwenye shamba hana budi kupanga mawe, kupanda majani, na kungoja. Ndivyo ilivyo na dhambi. Padre atoapo maondoleo, dhambi imeondolewa kweli. Lakini ng'ombe aliyeibwa bado yuko katika zizi lisilo lake, mpaka wa shamba bado umesogezwa, na jina la jirani bado limechafuliwa. Malipizi yatupasa, na kurudisha mali ya watu kwatupasa. Zakayo hakungoja kuambiwa.

Tena liko neno kwa wale waliokosewa. Kila parokia inaye Mwanga wake mdogo: mtu aliyewaumiza watu, na siku moja akaja kusimama mlangoni pa kanisa, nyuma kabisa, hajui kama ataruhusiwa kukaa. Wengine humtazama kwa jicho la kumfukuza, wakisema ya kuwa amekuja kwa shida zake. Huenda ni kweli. Hata Mwanga alikwenda Bukumbi kwa shida zake, na mapadre walijua. Walimfungulia, wakamfundisha, na hawakumbatiza kabla ya wakati. Hivyo walitimiza mambo mawili kwa pamoja: hawakuifanya huruma kuwa ngumu, wala hawakuifanya toba kuwa rahisi. Waalimu wapendwa, mfanye vivyo hivyo kwa wanafunzi wenu.

Mashahidi wa Uganda walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Tunapowaomba, tukumbuke ya kuwa kati yao yumo Yosefu Mukasa, ambaye katika saa yake ya mwisho hakuutaka moto kwa adui yake, bali toba. Ujumbe ule alioupeleka kwa mfalme haukuwa wa mfalme peke yake. Umesafiri kupita ziwa, umepita Bukumbi, umefika kwetu Nangara, nao wamngoja kila mmoja wetu: msamaha uko tayari, basi turudi.